Mwaka Niliokuwa Senene

Kila mwaka mvua za Novemba zikishika, harufu ya senene wa kukaangwa hunikuta popote nilipo. Hunikuta kwenye kituo cha teksi, ambako wanawake huwapima kwa vikombe vya plastiki. Hunikuta hata kazini, maana hakosi mtu wa kuleta kifuko na kukizungusha mezani. Ni harufu ya mafuta yao wenyewe, kitunguu, na chumvi inayoungua kidogo ukingoni mwa sufuria. Wenzangu hula wakiramba vidole, mimi hupisha. Wakiniuliza sababu nasema ni tumbo, kwa kuwa nimechoka kueleza, na maelezo yenyewe ni marefu kuliko muda wa kunywa chai. Leo niko nyumbani na sina pa kwenda, basi wacha niwaeleze ninyi.

Nilizaliwa Old Kampala, katika nyumba ambayo Kiswahili ndicho tulichoamkia na ndicho tulicholalia. Babu yake baba alitoka Tanga na biashara zake, akaoa huku, akabaki. Baba alikuwa na duka dogo la vitambaa na fahari moja tu, ulimi wake. Ukisema “hii mtu” wakati wa kula, sahani yako ilisimama pale ilipo mpaka useme “mtu huyu”. “Mwacha asili ni mtumwa,” alikuwa akituambia, huku mwenyewe akichagua minofu. Msimu wa senene ukifika alinunua gunia zima, tukakaa barazani kuwanyofoa mbawa na miguu, mimi na mama, tukibishana nani ana mkono mwepesi. Kwetu senene alikuwa kitoweo. Sikujua kwamba neno hilo lina kazi nyingine yoyote duniani.

Nilikuwa na miaka minane vita vilipozuka mpakani na Tanzania, upande wa Kagera. Ghafla kuwa na ami Tanga kukawa kosa. Watu wawili walikuja dukani kumuuliza baba barua zake zinatoka wapi, wakasema watarudi. Baba hakuwasubiri. Jioni hiyohiyo aliondoka kuelekea Busia, avuke kwenda Kenya, amevaa matambara kama mchukuzi wa ndizi. Mama akambeba mdogo wangu, aliyekuwa bado ananyonya, akaenda kujificha kwa dada yake Jinja. Mtoto anayenyonya hawezi kumchongea mtu. Mimi nilikuwa na mdomo, na kila kilichotoka humo kilikuwa Kiswahili cha Tanga.

Ndipo nikapelekwa Katwe kwa Nnalongo. Hilo ndilo jina apewalo mama aliyezaa pacha, na jina lake jingine sikulijua mpaka nilipokuwa mtu mzima. Alikuwa akituletea matoke nyumbani tangu kabla sijazaliwa, na yeye na mama walikuwa wameshibana. Mume wake alikwisha kufa, na pacha wake waliishi shamba, Mawokota, kwa bibi yao. Yeye alikaa katika chumba kimoja kwenye safu ya vyumba sita, nyuma ya karakana ambamo tangu asubuhi mapipa makuukuu yaligongwa nyundo mpaka yakawa sigiri za mkaa. Mpaka leo nikisikia bati likigongwa nahisi usingizi mzito, kwa sababu mwaka ule sikulala vizuri hata siku moja.

Siku ya kwanza alinikalisha mkekani. Alisema nami kwa Luganda, nacho nilikijua vizuri kwa kucheza na watoto wa mtaani.

“Kuanzia leo jina lako ni Nalule,” alisema. “Wewe ni mtoto wa kaka yangu, Mungu amrehemu. Mimi ni Ssenga wako, shangazi yako. Na ukoo wetu ni Nsenene.”

Nilicheka. Nilidhani ananitania, maana mtu mzima ataitwaje mdudu wa kukaanga?

Hakucheka. Alinieleza kwamba kila Mganda ana ukoo, na kila ukoo umepewa jina la mnyama, mmea au mdudu, ambaye wenye ukoo huo hawamli mpaka kufa. Huyo ndiye muziro wao. Akanitajia majirani mmoja mmoja. Fundi cherehani wa chumba cha pili, aliyekonda mpaka suruali inamvuka, alikuwa Ndovu. Muuza mkaa alikuwa Uyoga. Mama wa chumba cha nne alikuwa Kunde, akiipikia familia yake kunde bila kuonja. Aliponiambia kwamba mwenye nyumba wetu ni Mamba, nilisogea ukutani, kwa sababu kwetu mamba ni yule wa mtoni mwenye meno. Hapo ndipo alipocheka. Mamba wao, kumbe, ni samaki wa matope, mwenye ndevu na sura ya uzee.

“Na wewe humli senene,” alisema. “Humshiki wala humnusi. Ukimla, umemla babu yako. Na Kiswahili chako kiache hukohuko kwenu. Kitatuua.”

Nilijifunza upesi. Jina langu, la baba yangu wa uongo, la babu wa uongo. Niliyakariri usiku chini ya blanketi, baada ya sura za Kurani nilizojifunza chuoni, na Ssenga alinifungia pazia nisali bila kuonekana. Alikuwa mpole, mchovu, mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama kwenye foleni za sukari ambayo haikufika. Hakunipiga hata nilipovunja chungu chake cha maji.

Aliyetutia hofu alikuwa koplo wa chumba cha mwisho. Kambini hapakuwa na nafasi, hivyo alimpangia mkewe hapo, yeye mwenyewe akija na kuondoka. Hakuwa mtu wa makelele. Alikaa juu ya kibao akipiga buti rangi, akitazama. Wiki ya pili aliniita, akaniuliza jina, nikamjibu kwa Luganda. Kisha akamgeukia Ssenga kwa Kiswahili chake cha kambini.

“Nnalongo, ndugu yako nakufa siku gani?”

“Mwezi wa sita, afande.”

“Na toto nakuja sasa, wakati ya vita?”

“Bibi yake amezeeka, afande. Hana nguvu ya kulea.”

Koplo alitikisa kichwa, akarudi kwenye buti lake. Usiku ule Ssenga hakula. Nilijua, hata kwa akili zangu za miaka minane, kwamba yule mtu hajaamini, na kwamba siku atakayopata hakika tutaondoka sote wawili ndani ya gari lake.

Kisha senene wakaja. Walikuja na mvua, alfajiri, wakajaa kwenye majani nyuma ya karakana kama mtu amemwaga mchele wa kijani. Watoto wote wa safu ile walikimbia na mikebe. Mimi nilisimama mlangoni. Mikono iliniwasha jamani. Mkumbuke tulikuwa tunakula muhogo na maharage yasiyo na chumvi, jana, leo na kesho. Kutwa nzima kila jiko lilikaanga, na Ssenga alifunga dirisha letu, akaketi gizani akichambua mboga kana kwamba nje kuna msiba. Nikavumilia siku ya kwanza, ya pili, ya tano.

Siku ya sita Ssenga alikuwa sokoni. Mke wa koplo, Mama Hawa, alikuwa nyuma ya chumba chake na karai, peke yake, akiimba. Mama Hawa alitoka mbali, upande wa kaskazini, na hapo Katwe hakuwa na mwenzake wa kuongea naye. Luganda hakukijua. Aliniona nimeegemea nguzo.

“Toto, kuja. Kuja kula. Hapana ogopa.”

Kiswahili chake baba angekisimamishia sahani. Lakini masikio yangu yalikuwa na wiki tatu hayajasikia neno la kwetu lisilo na vitisho, na ninawaambia kweli, njaa ya hilo ilikuwa kubwa kuliko ya tumbo. Nilikwenda. Alinijazia kiganja. Nikala, nikafumba macho, nikasikia chumvi, nikaona baraza yetu na mama.

“Nalule anakula muziro!”

Ni mtoto wa fundi cherehani aliyepiga kelele. Milango ikafunguka. Fundi akatoka na tepu shingoni, Mama Kunde akatoka na mwiko, na wote wakanitazama mdomoni. Mafuta yalikuwa yakinitiririka kidevuni. Koplo akatoka mwisho, amevaa fulana, hana haraka.

“Hii si Nsenene?” aliuliza. “Sasa kwa nini nakula?”

Na wakati huohuo Ssenga akaingia kutoka sokoni, kikapu kichwani. Koplo akamgeukia.

“Nnalongo. Leo sema ukweli. Hii toto ya nani?”

Ssenga alinitazama. Aliteremsha kikapu taratibu, akakiweka chini, akatoa ukuni mmoja kwenye mzigo wa kuni mlangoni kwa muuza mkaa. Kisha akanipiga. Sitawaambia alinipiga vipi. Adhabu ya kaburi aijua maiti. Alinipiga miguuni, mgongoni, mikononi nilipojikinga, na alikuwa akilia kwa sauti kubwa kuliko mimi. “Unamla babu yako! Unamla baba yako, hata kaburi lake halijaota nyasi! Umetuaibisha ukoo mzima!” Fundi Ndovu alijaribu kumshika, akasukumwa huko. Mwishowe ni koplo mwenyewe aliyeukamata mkono wake.

“Basi, Nnalongo. Wacha. Nakwenda ua toto yako.”

Akamnyang'anya ule ukuni, akautupa, akarudi kwenye kibao chake. Hakuuliza tena habari zangu, si siku ile wala baadaye.

Ssenga alinipaka samli mgongoni, na mimi nikageukia ukuta. Kesho yake aliniletea yai la kuchemsha, na yai wakati ule lilikuwa kitu cha kuota. Nikaliacha likapoa. Siku zote zilizobaki nilimjibu ndiyo na hapana, basi. Vita vilipokwisha na mama akaja kunichukua, Ssenga alisimama mlangoni ameshika kifurushi cha nguo zangu. Nilikipokea, nikapita, sikumuaga. Mama alinikaripia. “Mwache,” Ssenga alisema. “Mwache aende.”

Nilikaa na hasira ile miaka kumi na tisa. Niliiona halali yangu. Baba alirudi, akafungua duka, akapeleka shukrani Katwe kila Idi mpaka alipofariki, na kila mara nilikataa kufuatana naye. Kisha siku moja nilikuwa kwa rafiki yangu Mganda wa ukoo wa Uyoga, nikamwona akimchapa binti wa kaka yake kwa kuonja uyoga. Mtoto wa jirani alikuwa amekaa palepale, anakula uyoga uleule, na hakuna aliyemgusa. Nikauliza kwa nini. Rafiki yangu alinishangaa. “Huyo si wetu,” alisema. “Nimpigie nini?”

Niliweka kikombe chini. Mtoto wa watu huonywa, au huachwa ale. Anayepigwa kwa kumla babu ni mjukuu tu. Ssenga alikuwa na muda wa kuteremsha kikapu tu kupata jibu ambalo koplo angeliamini, na hakuwa na jingine. Na sikuwa nimefikiri alichokitoa: aliyaapia makaburi ya watu wake, mbele ya Waganda wenzake, kwamba mgeni ni damu yao.

Kesho yake nilikwenda Katwe. Safu ya vyumba haikuwepo. Katika karakana nilimkuta mwanamume mnene akichomelea geti, nikamtaja Nnalongo. Alivua miwani ya kazi. Alikuwa Wasswa, mmoja wa wale pacha.

“Mama tulimzika mwaka jana,” alisema. “Wewe nani?”

Nikamwambia. Akanivutia kibao nikae.

“Alikutaja,” alisema. “Mwishoni alikuwa hatambui watu, lakini wewe alikutaja. Aliuliza kama yule mtoto bado amekasirika.”

“Ukamjibu nini?”

“Nilimwambia hapana. Nilimwambia ulikuja, ukamsalimia, akiwa amelala.”