Madirisha Yanayonesanesa

Kazini alikuwa mtunza stoo wa duka la mabomba, lakini kwa ndugu zake alikuwa Profesa. Jina hilo alijipachika mwenyewe, kisha akaanza kulalamika kwamba watu wanamkuza mno. Hakuna mgeni aliyetoka nyumbani kwake bila kuhubiriwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta: haina virusi, haizeeki, haina bwana. Shemeji yake alikubali kubadilishiwa mfumo ili tu aachwe aende zake.

Dada yake, mchoraji wa ramani za majengo, naye alibadilishiwa. Miaka yote huyo dada alichorea ofisi za watu, na chini ya kazi yake wakasaini wengine. Sasa alikuwa amechora zahanati peke yake, kwa jina lake, na saa tano kamati ingekaa kuchagua mchoro. Asubuhi akawasha kompyuta, akaandika neno la siri. Skrini ikawa nyeusi tii, kisha ikamrudisha palepale pa kuandika neno la siri. Akarudia, ikamrudisha tena. Akampigia simu Profesa, mdogo wake.

Profesa aliingia kwa mikogo ya daktari bingwa. Mikogo ilimwisha alipoiona skrini ikizimika na kurudi mbele ya macho yake. Akakumbuka Jumapili. Jumapili hiyo, dada akiwa jikoni, aliiwekea kompyuta mapambo: madirisha yanayonesanesa ukiyasogeza na kuwaka moto ukiyafunga. Dada hakuyaomba. Ila sebuleni palikuwa na wageni, na Profesa akitazamwa hatulii.

"Ina nini?" dada akauliza.

"Hizi kadi za michoro, zinazoleta picha kwenye skrini," akasema, akitikisa kichwa. "Siku hizi wanazitengeneza ovyo ovyo tu."

Muongo mkubwa. Kipimo alikijua, na wengine aliwafundisha kwa mbwembwe: fungua akaunti mpya, ingia nayo. Ikifunguka vizuri, mashine ni nzima, na ugonjwa umo kwenye mipangilio ya mtumiaji wa kwanza, mapambo yakiwamo. Lakini kipimo hicho kingemwumbua. Basi akafungua kasha la kompyuta, akapuliza vumbi. Akachomoa waya wa skrini, akauchomeka, akaubadilisha. Akaulaumu umeme. Akauliza, kwa ukali kidogo, kama kuna mtu aliyemwaga chai hapo karibu.

"Si unitolee mchoro tu kwenye flashi?" dada akasihi. "Nitaufungua kwingine."

Hilo nalo aliliweza akiwa amefumba macho. Ila kulifanya kungekuwa kukiri kwamba skrini imemshinda.

"Dada, sisi hatutibu dalili. Tunatibu chanzo."

Ilipokaribia saa tano dada akachukua mkoba, akaenda mwenyewe kuiomba kamati imsubiri. Kabla mlango haujafungika vizuri, Profesa akafungua akaunti mpya. Ikafunguka bila kinyongo, safi kabisa. Akayafuta mapambo yake yote, akaingia kwenye akaunti ya dada, na zahanati ikajitokeza: vyumba, milango, hata benchi la wagonjwa upande wenye kivuli. Ilikuwa kazi nzuri, hata yeye aliliona hilo, na pale pa saini palikuwa na jina la dada yake. Angeweza kuitia kwenye flashi akakimbia nayo. Lakini angefika na kuulizwa kompyuta ilikuwa na nini. Akakaa, akatunga maelezo.

Dada alirudi akiburuta miguu. Kamati haikumsubiri, imechukua mchoro wa mwingine. Akaiona skrini inawaka, mchoro wake umejaa tele, akavuta kiti, akaketi.

"Umeiweza," akasema.

"Imenitoa jasho. Kadi imechoka sana hii."

Dada akajifuta macho kwa kiganja. "Nisamehe, mdogo wangu. Njiani nilikuwazia vibaya. Nikasema moyoni, huenda ni yeye aliyeiharibu."

Profesa akashusha pumzi, akamwekea mkono begani.

"Usijali, Dada," akasema. "Nimeshakusamehe."