Azwinndini Mbele ya Lori

Azwinndini Netshifhefhe alikuwa msusi katika mji wetu mdogo wa Afrika Kusini, karibu na mto Limpopo unaotutenganisha na Zimbabwe. Siku moja mteja wake Mzimbabwe alikamatwa kichwa kikiwa nusu kimesukwa, akarudishwa kwa nguvu ng'ambo ya mto alikokimbia kuuawa. Tangu hapo Azwinndini akatukusanya sisi wanawake wa kanisani, tukawa tunawasindikiza wakimbizi hadi ofisi ya wakimbizi, maana askari walikuwa wakiwadaka njiani kabla hawajaomba hifadhi.

Asubuhi ile tulikuwa na Riziki, Mkongo mwenye mimba kubwa, na mumewe Byamungu. Hata getini hatujafika, askari wakatuvamia. Byamungu wakamsukumia kwenye gari dogo, likaondoka mbio. Riziki wakampandisha lori la kwenda mpakani.

Azwinndini akalala chali mbele ya tairi.

Dereva akaungurumisha injini. "Mama, toka hapo! Sina mchezo mimi!"

"Nani anacheza? Huyu anaomba hifadhi. Sheria inasema asikilizwe."

"Wanao hawana kazi, wewe unalala barabarani kwa ajili ya wageni!" muuza matunda akadakia. Watu wakacheka. "Mkanyage tu!"

Lori likasogea. Tairi likagusa kilemba chake.

"Mpigie wakili wetu, unanitazamia nini?" Azwinndini akanifokea.

Nikapiga, kisha nikalala kando yake. Wenzetu wakaja, mmoja mmoja.

Mkubwa wa askari wale, Ndivhuwo, kijana wa mtaani kwetu, akashuka na kuchuchumaa. "Mama, unanijua. Usiniaibishe mbele ya watu."

"Nakujua, mwanangu. Ndiyo maana nakwambia wewe. Ukitaka kupita, pita juu yangu."

Ndivhuwo akasimama, akajipangusa jasho. Simu yake ikaita. Wakili alikuwa ameshazungumza na wakuu wake. Akasikiliza, akaitikia "ndiyo, mkuu," kisha akamwashiria dereva azime injini.

Riziki akateremshwa. "Mume wangu yuko wapi?" akauliza. Ndivhuwo akaonyesha ng'ambo ya mto. Gari dogo lilikuwa limeshavuka daraja la mpakani.

Azwinndini aliingia na Riziki ofisini, hakutoka mpaka ombi lake lilipopokelewa. Kisha akaenda mpakani kumtafuta Byamungu. Alimpata wiki iliyofuata, upande wa pili, mguu umevunjika. Byamungu akarejea akichechemea, naye akasikilizwa. Mtoto alikuwa ameshazaliwa.

Mtaani, wengine hadi leo hawamsalimii Azwinndini. Saluni yake ilivunjwa vioo. Anasukia uani kwangu.