Pembe Tatu

Macho ya mtunza bustani wa bweni yalishachoka, hivyo hupalilia kwa vidole. Hupiga magoti kando ya tuta la vitunguu, akalishika kila shina kwa kidole gumba na cha shahada, akaliviringisha. La kitunguu ni la mviringo, huteleza. La gugu la ndago lina pembe tatu, hukwama. Linalokwama hulichimbua mpaka kwenye kiazi chake cheusi na kulitia mkebeni, maana ndago ukiikata shingo inakucheka. Nyasi kavu za kutandaza hazitoki guniani kabla tuta halijawa safi.

Tangu masika vidole vyake vimeingia ganzi, na hajamwambia hata mkewe. Leo asubuhi mpishi alichungulia mkebe, akaangua kicheko. “Babu we! Umeninyongea vitunguu vyangu, ndago umeziacha zinenepe!” Mzee akaokota shina moja mkebeni, akaliviringisha mara mbili, mara tatu. “Hili linateleza au linakwama?” Mpishi aliviangalia vile vidole, kicheko kikamkauka. “Linakwama, babu. Nilikuwa nakutania.” Mzee akalitia mdomoni, akalitafuna taratibu. Kitunguu. Akafungua gunia la nyasi, akaanza kuzifunika ndago.