Mhojaji aliyejijazia 'hapana' mara kumi na nne

Saa mbili kasorobo asubuhi, Swaumu Mdoe ameshaloweka miguu kwenye beseni la maji chini ya meza ya ofisi, na simu iko sikioni.

"Shikamoo mzee. Ni Swaumu wa utafiti, hapa Kilole. Samahani kwa kukupigia mapema. Lile jicho linaendeleaje?"

Anasikiliza, anaandika, anauliza tena. Mzee wa Mkumbara aliye upande wa pili ameamua kueleza habari za goti, na goti halimo kwenye dodoso. Akimaliza goti anahamia kwa mkwewe. Swaumu anacheka, anamwacha aseme, kisha anamrudisha polepole kwenye jicho.

Beseni si la kunawia. Ofisi ni chumba kimoja chenye feni inayozunguka ikijisikia, na Korogwe ikifika saa nne joto halibembelezeki. Joto likimwingia Swaumu, mguu wake wa kushoto unakufa ganzi na jicho la kulia linajaa ukungu. Akipoa, vyote vinarudi kama vilivyokuwa.

"Nikipoa mzima, nikipata joto mgonjwa," anasema. "Sasa mimi ni mzima au mgonjwa? Niambie wewe uliyesoma."

Mwandishi wa makala haya hakuwa na jibu. Msomaji ajue mapema kwamba hata baada ya siku tatu za kuuliza, bado hana.

Swaumu ana miaka 36. Ni mzaliwa wa Kwamatuku, Handeni, akaolewa Korogwe na fundi seremala, Faraji. Kazi yake ni kuuliza watu maswali. Mwaka 2022 alikuwa karani wa sensa. Amehesabu vyandarua, ameandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku, amewauliza watu choo chao kiko hatua ngapi kutoka kisimani. Kwa hiyo utafiti mpya ulipokuja ukitaka mtu anayezijua njia za Makuyuni na anayeweza kuendesha pikipiki, hakuna aliyeshangaa jina lake lilipoitwa la kwanza.

Utafiti wenyewe unahusu ugonjwa ambao madaktari huufupisha kwa herufi mbili, MS. Kwa maelezo ya Dk. Rosa, anayeuongoza, askari wa mwili wanaotakiwa kupambana na vijidudu wanageuka na kuushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Utando ukiliwa, habari za ubongo hazifiki zinakokwenda. Leo jicho halioni, mwakani mguu haubebi, katikati hapo mtu anatembea mzima kabisa.

"Vitabu vinasema huku kwetu karibu na ikweta ni nadra mno," anasema Dk. Rosa. "Sisi tunauliza, ni nadra kweli, au hakuna aliyewahi kuhesabu?"

Na unasababishwa na nini? Hapo ndipo mwandishi alipoanza kupotea. Kuna kirusi kinashukiwa, lakini kirusi hicho karibu kila mtu anacho tangu utotoni na wengi hawadhuriki. Kuna suala la damu ya ukoo, lakini wagonjwa wengi hawana ndugu mwenye ugonjwa huo. Kuna jua: wanaopata jua la kutosha wanaonekana kuupata kwa uchache.

"Jua?" Swaumu anadakia. "Mimi nimelima Handeni bila kofia tangu niko darasa la pili. Jua gani lingine nililobakiza? Halafu jua hilohilo linalonikinga ndilo linaloniangusha!"

Dk. Rosa anaeleza kwamba joto halileti ugonjwa, linaamsha tu kwa muda dalili zilizokwisha kuwapo. Mwandishi akamwomba arudie. Akarudia. Swaumu na mwandishi wakatazamana.

Dodoso la utafiti huo lina maswali kumi na manne, yote ya ndiyo au hapana. Umewahi kupoteza kuona kwa jicho moja kwa siku kadhaa? Umewahi kufa ganzi upande mmoja wa mwili zaidi ya siku moja? Kaya zinachaguliwa na kompyuta. Wahojaji ni wawili, Swaumu na Ponsiano, na sharti ni moja: mhojaji hahoji nyumba yake.

Ikatokea kaya moja iliyochaguliwa pale Kilole ni ya Faraji seremala.

Ilikuwa zamu ya Ponsiano kwenda kumhoji mwenzake. Siku hiyo pikipiki yake ilimwishia mafuta njiani Mkumbara, na jioni takwimu zilitakiwa zitumwe. Swaumu akampigia.

"Nikamwambia, jaza tu dada, tumia namba yangu ya uhojaji, watu wenyewe si ninyi?" anakumbuka Ponsiano, akijikuna kichwa. "Nilidhani ni kaya tu kama kaya nyingine. Sikujua chochote, wallahi, mimi Mkatoliki lakini wallahi."

Swaumu alikaa barazani kwake, kishikwambi mapajani, akajaza ya mumewe, kisha yake. Hapana, hapana, hapana. Mara kumi na nne. Ilimchukua dakika mbili.

Na miaka mitatu kabla ya jioni hiyo aliamka jicho la kulia likiwa limeziba, akakaa nalo hivyo siku kumi na tisa. Hakwenda hospitali. Alitia dawa ya matone, mama yake akamletea kombe, maji yaliyooshea maandishi ya dua, kutoka Handeni akanywa, na jicho likafunguka lenyewe. Kila mtu alichukua sifa.

Kwa nini basi aliandika hapana? Mwandishi alimuuliza swali hilo siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila siku akapata jibu jingine.

Siku ya kwanza: "Niliona limeshapona. Swali nililiona ni la wagonjwa, na mimi ni mfanyakazi."

Siku ya pili: "Niliogopa. Mtu ambaye jicho linaziba, watampa pikipiki? Kule njiani nilikuwa nalipwa elfu arobaini kwa siku. Useremala wa Faraji una miezi unapumua, una miezi haupumui."

Siku ya tatu: "Sijui," akasema. "Mkono uliandika. Kweli tena, sijui."

Aliyemvua nguo, kwa maneno yake mwenyewe, ni Bi Maryamu wa Makuyuni.

Ilikuwa Februari mwaka jana, saa sita mchana. Bi Maryamu, mkulima wa miaka sabini na kitu, alikuwa anapukuchua mahindi barazani huku Swaumu akimuuliza maswali. Swaumu aliposimama kuaga, mguu ukagoma. Akaenda chini na kishikwambi chake, katikati ya mahindi ya watu.

"Nikamnyanyua," anasimulia Bi Maryamu. "Nikamwambia, haya mwanangu, kaa. Sasa nakuuliza mimi. Wewe umeniuliza kama mguu wangu unakufa ganzi, nami nakwambia mguu wangu wa kulimia ekari mbili huu, mzima. Wako je? Umeniuliza jicho. Lako je? Akaanza kulia. Nikasema ala! Kumbe hii karatasi ni ya kwake!"

Alimpa maji, akamvika khanga iliyoloweshwa shingoni. Baada ya nusu saa Swaumu akasimama, akatembea hadi kwenye pikipiki kana kwamba hakuna kilichotokea. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Usiku huo hakumwambia mumewe. Kesho yake alimwambia Ponsiano kwamba anakwenda kusema.

"Nilimwomba asiseme," Ponsiano anakiri. "Kujaza fomu ya uongo ni kufukuzwa, na namba iliyotumika ni yangu. Binti yangu Pendo ndiyo kwanza anaingia kidato cha kwanza. Akaniambia, basi nitasema niliiba namba yako. Ee bwana, nikaona aibu, niliona aibu mimi! Nikamwambia twende wote."

Wakaenda wote. Dk. Rosa aliwasikiliza bila kuinua macho mezani. Ponsiano alipewa barua ya onyo. Kaya ishirini kati ya 212 alizohoji Swaumu zilirudiwa upya na mtu mwingine, kuona kama kuna uongo mwingine. Hazikutofautiana hata moja. Uongo pekee uliopatikana katika kazi yake ulikuwa juu yake mwenyewe.

Alinyang'anywa pikipiki, akapewa simu. Sasa kila mwezi anawapigia watu waliokutwa na dalili, kwa elfu kumi na nane kwa siku. Na siku hiyohiyo Ponsiano alimkalisha, akamsomea dodoso upya, neno kwa neno. Safari hii majibu ya ndiyo yalikuwa sita.

Ndiyo sita zinakupeleka kwenye kipimo. Utafiti ulimlipia safari ya hospitali ya rufaa na picha ya MRI, ambayo kwa mfuko wake angelipa zaidi ya laki nne. Walimwingiza kwenye bomba linalogonga kama karakana ya Faraji, akatoka na picha yenye madoa: matatu kichwani, moja kwenye uti wa mgongo.

Msomaji atadhani hapo ndipo mambo yalipoeleweka. Wapi!

Madoa peke yake hayatoshi, anasema Dk. Rosa. Upo ugonjwa mwingine unaofanana sana na MS, ndugu yake kabisa, na dawa ya huu inaweza kumdhuru mwenye ule. Kipimo cha damu cha kuwatenganisha kimerudi hakimtaji huyo ndugu, lakini hakimfungii mlango pia. Ili aandike MS kwa uhakika na Swaumu aanzishiwe dawa za kupunguza mashambulizi, ni lazima aonyeshe kwamba mwili ulishambuliwa nyakati mbili tofauti. Mguu upo. Linatakiwa lile jicho.

"Mgonjwa mwingine akiniambia jicho liliziba mwaka fulani, naandika na kuendelea," anasema daktari. "Swaumu ana fomu mbili kwa jina lake. Moja inasema hapana, nyingine inasema ndiyo. Cheti cha hospitali hana. Kwa kanuni za utafiti, majibu yanayopingana hayahesabiki. Naamini anachosema. Lakini kuamini kwangu hakuna kisanduku chake kwenye fomu."

Je, jicho lenyewe haliwezi kupimwa? Lilipimwa. Na hapa mwandishi aliweka kalamu chini, maana alihisi kichwa kinazunguka. Jicho limepona vizuri mno. Ule ukungu wa joto hauachi kitu cha kupima; akiwa amepoa, kwa vifaa vilivyopo, hakuna alama.

"Inawezekana utando ulijitengeneza wenyewe," anasema Dk. Rosa, na kwa mara ya kwanza uso wake unachangamka. "Hilo ndilo watu wanalolitafuta dunia nzima. Dawa za kuzuia mashambulizi zipo. Ya kukarabati kilichokwisha kuharibika, bado. Mwili wa Swaumu huenda ulikarabati jicho na ukashindwa mguu. Kwa nini? Tungejua hilo, tungekuwa mbali."

Kwa hiyo kitu chema kuliko vyote kilichowahi kumtokea Swaumu katika ugonjwa huu ndicho kilichofuta ushahidi wake. Na kilichobaki kwa maandishi ni ile hapana yake mwenyewe.

Alipoambiwa hivyo alicheka, anasema, akacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia. Kisha akakasirika. Hasira hiyo bado anayo, ila hajui aielekeze wapi. Mama yake huko Handeni anasema ni kijicho cha watu. Jirani anasema ni pikipiki. Faraji hasemi sana. Ametengeneza benchi la kuogea ili mkewe asisimame, akaliweka bafuni kimyakimya, na Swaumu akalikuta tu.

Imebaki njia moja. Mwezi ujao atapigwa picha ya pili. Likionekana doa jipya ambalo mara ya kwanza halikuwapo, hizo ni nyakati mbili, fomu zote mbili zinasahaulika, jina la ugonjwa linaandikwa na dawa inaanza. Lisipoonekana, maana yake ubongo wake umetulia, jambo ambalo ni heri. Ila atabaki bila jina na bila dawa, akingoja shambulio lingine, na Dk. Rosa haahidi kwamba litakalofuata litaondoka kama lile la jicho.

Ilipofika saa sita feni ikasimama, umeme umekatika. Swaumu akabadilisha maji ya beseni kwa kujivuta ukutani. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuza tayari. Alibakiza watu wanne wa kuwapigia, na hakutaka kusaidiwa.

"Nikuulize na mimi," akasema akiisha kukaa. "Ungekuwa wewe, ungeomba nini?"

Mwandishi akamrudishia swali.

"Faraji anaomba picha itoke safi. Kila swala namsikia, anainua mikono anaomba kwa sauti, Mola ampe mke wangu picha safi. Mimi nipo nyuma yake, nimeinua mikono vilevile, naitikia amina. Lakini moyoni naomba doa. Moja tu, dogo. Mke gani anaomba kuharibikiwa ubongo huku mumewe anamwombea salama? Hajui. Anadhani tunaomba kitu kimoja."

Mwandishi akamuuliza kama kweli anataka jambo hilo liandikwe gazetini, maana Faraji atalisoma.

Swaumu akaichukua simu, akatafuta namba ya mtu anayefuata kwenye orodha, akaiweka tena mezani.

"Andika," akasema. "Mimi namwambia leo, kabla gazeti halijafika Kilole. Halafu swala ya magharibi tujue kila mmoja wetu anaitikia amina ya nini."