Siku Walioshiba Walipokula Tena

Nakumbuka, mwanangu, Jumatatu ya Pasaka moja tulipotoka kijijini kwetu Masaki juu ya lori la mkaa, tukiimba mpaka koo zikakauka. Jumuiya yetu ya kanisa na ile ya Mkuza zilikuwa na desturi ya kula pamoja siku hiyo, kila nyumba na chungu chake, kama Wakristo wa mwanzo waliokula nyumba kwa nyumba kwa furaha. Sisi tulibeba mihogo ya nazi. Nazi zenyewe walitukunia majirani zetu Waislamu tangu alfajiri, wakatusindikiza hadi kwenye lori. Moyo wangu ulikuwa unarukaruka kuliko wa mtu yeyote, maana siku hiyo ndiyo ningetangazwa mchumba wa Danieli wa Mkuza.

Lori likaharibika njiani. Tulipofika hatimaye, nguo nyeusi kwa vumbi la mkaa, tukakuta wenzetu wameshakula. Pilau imekwisha, masufuria yanasuguliwa, watu wamejinyoosha wanachokonoa meno. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mmoja wao akatuambia tukae kule uani, tusije tukachafua mikeka.

Baba yangu hakufoka. Alisema, "Ramadhani jirani zangu hunisubiri kwenye futari, mimi nisiyefunga. Ninyi ndugu zangu katika imani mmeshindwa? Kuanzia leo Masaki tutasali kwetu." Akageuka, na watu wetu wote nyuma yake. Nikamtazama Danieli, naye akamtazama baba yake, Mzee Yakobo, mwenyekiti wa jumuiya yao. Mzee Yakobo akainamisha kichwa. Niliona ndoa yangu inaondoka na lile lori, mwanangu, na machozi yakanitoka mbele za watu.

Hapo akainuka Bibi Raheli, mkongwe kuliko wote pale Mkuza. Sahani yake ilikuwa mbele yake, imefunikwa, haijaguswa. Bibi yule tulimwogopa, ulimi wake ulikuwa wembe.

"Nimewaambia tangu adhuhuri tuwasubiri, mkaona nimezeeka," akasema. "Wakristo wa mwanzo walikuwa watumwa na mabwana meza moja, na waliotangulia kula bila wenzao walikemewa na mtume. Mmeshiba? Vizuri. Rudini mkae, mtakula tena."

Akatuita na sisi tuliokuwa tukiondoka, akatupanga mwenyewe, wa Masaki na wa Mkuza sinia moja, vumbi letu juu ya mikeka yao. Laiti ungeona! Watu wazima waliovimbiwa na pilau wanasukumiza mihogo, jasho linawatoka, na bibi anazunguka na mkongojo wake kuhakikisha kila mkono unakwenda mdomoni. Tukaanza kucheka sisi, wakacheka na wao, na huwezi kumchukia vizuri mtu unayecheka naye huku mnakula.

Baba alikalishwa sinia moja na Mzee Yakobo. Mzee Yakobo akasema, "Mwenzangu, tumekosa. Njaa ilitushika, tukawasahau."

Baba akavunja kipande cha muhogo, akamsogezea. "Kula," akasema.

Nikapiga kigelegele hata kabla sijatangazwa, mama akanifinya paja. Hadi leo nikikumbuka nafurahi kama nilivyofurahi siku ile.

Sasa nasikia ninyi vijana wa jumuiya ya Kwa Mathias mnataka kujitenga, eti wenzenu wa Masaki wanachelewesha ibada kwa sababu pikipiki zao hukwama kwenye matope. Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Jumuiya haivunjwi na ugomvi mkubwa tu. Mara nyingi huvunjwa na mtu aliyeona njaa yake haiwezi kungoja. Basi msianze bila wao. Chungu kikiiva, kifunikeni mngoje. Na mkikosea, kama tunavyokosea sote, semeni mmekosa na mkae sinia moja siku hiyohiyo.

Mungu akujalie riziki, mwanangu, akujalie na watu wa kula nao. Na siku utakayochelewa wewe, ukute wamekusubiri.