Mzee asiyesikia wa ghorofa ya chini, na jinsi alivyonifundisha kupiga besi hapa Guangzhou

Wakuu, nawasalimu kutoka mtaa wa Sanyuanli.

Haya ninayoyaandika yamenitokea mimi mwenyewe. Kuna sehemu zinaniaibisha, nilitaka kuzifuta, nikaona nikizifuta hadithi haibaki. Basi nimeziacha.

Mimi ni mfanyabiashara wa jeans. Duka lipo Makambako, mzigo naufuata kwenye viwanda vya Xintang, na siku hizi nakaa huku karibu nusu mwaka. Wengi mkisikia mtu yupo Guangzhou mnawaza kontena tu. Ni kweli, lakini wiki ina Jumapili pia.

Na Jumapili huku, wakuu, ni muziki.

Kuna kwaya za makanisa. Kuna Wakongo na rumba yao. Kuna wanafunzi wa kutoka kwetu na Kenya wanaopiga kwenye mahafali, harusi, na migahawa ya watu wetu. Mtu unayemwona Jumatatu amebeba maboksi jasho linamtoka, Jumapili yuko na gitaa mpaka unamheshimu upya.

Bendi yetu ilikuwa na watu wanne.

Kiongozi ni Papa Dido, Mkongo, anafanya kazi ofisi ya kargo, anapiga gitaa la solo. Mwimbaji ni dada Rehema wa Tanga, yuko huku kwa scholarship, Kichina anakisoma na kukiandika kama gazeti la nyumbani. Dramu alikuwa Kevo, Mkenya, mwanafunzi wa uhandisi. Mimi besi. Nilijifunza kwenye kwaya ya kanisa nikiwa kijana, na nilijiona fundi.

Hilo la kujiona fundi lishikeni kidogo.

Tulikuwa tunafanya mazoezi ghorofa ya nne, kwenye chumba ambacho Papa Dido anahifadhia mizigo ya wateja. Jengo la zamani, kuta nene. Tulishafukuzwa sehemu mbili kabla ya hapo kwa sababu ya kelele. Hapo tulipaona kama peponi.

Mwezi wa pili tu, kugongwa kukaanza.

Tunapiga, tunafika katikati ya wimbo, tunasikia kutoka chini: ngo! ngo! ngo! Mtu anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Tunapunguza sauti. Jumapili inayofuata, tena. Ngo! ngo! ngo!

Msimamizi wa jengo naye akasikia. Akapanda mpaka mlangoni, akamwambia Rehema kwa Kichina, na Rehema akatutafsiria akiwa amepoa kabisa:

"Anasema wa chini ni mzee wa watu. Mkimsumbua tena, mtoe vyombo vyenu."

Kevo akaanza kufungua dramu zake kana kwamba tumeshafukuzwa.

Papa Dido akasema, "Hapana. Tutashuka tumuombe msamaha. Mzee ni mzee, hata kama ni Mchina."

Tukanunua machungwa, tukashuka ghorofa ya tatu wote wanne.

Akafungua mama mmoja mfupi, mke wake. Alipotuona akatabasamu, jambo ambalo hatukulitarajia. Ndani kulikuwa na mzee mwembamba, peku, amekaa kwenye kiti kidogo, mgongo ameuegemeza kwenye nguzo ya nyumba. Tukamwita Mzee Liang tangu siku ile.

Rehema akaanza kuomba radhi. Yule mama akamkatisha.

"Hasikii," akasema. "Hasikii kitu chochote. Mwandikie."

Wakuu, tuliangaliana.

Hasikii? Sasa kelele zetu zimemsumbuaje?

Rehema akachukua daftari lililokuwa mezani, akaandika kwamba tunasikitika kwa usumbufu na hatutarudia. Mzee akasoma, akatikisa kichwa kwa nguvu. Akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja.

Rehema akausoma, akanigeukia. Nikaona anajizuia kucheka.

"Anauliza, nani kati yenu anapiga ile sauti nene?"

Nikanyoosha mkono.

Mzee akaandika tena. Maneno mawili matatu tu.

"Anasema unachelewa, kaka Sanga."

Kevo akapiga kofi la furaha. "Si nilikwambia bro! Miezi mitatu unanisingizia mimi!"

Ni kweli, nilikuwa namsingizia. Kila wimbo unapogeuka kuingia kwenye kiitikio kulikuwa na kitu kinajikwaa. Papa Dido alishaniambia kwa upole, "Petit, doucement, taratibu mdogo wangu, hapo nisikilize mimi." Nikabisha. Nikasema ni dramu. Na sasa mzee asiyesikia ananiambia ni mimi.

Nikamwambia Rehema amuulize amejuaje.

Mzee hakuandika. Alisimama, akanishika kiganja, akakibandika kwenye ile nguzo. Akaashiria kwa kidole mmoja wetu apande juu apige. Papa Dido akapanda, akachukua besi yangu.

Nikasubiri. Mwanzoni sikupata kitu.

Halafu ikaja.

Sijui niwaelezeje. Nguzo ilikuwa inapumua. Kila noti ya besi ilishuka kutoka juu, ikapita kwenye zege, ikaingia mkononi mwangu na kupanda mpaka kwenye meno. Nikafumba macho. Sikuwa nasikia muziki, nilikuwa naushika. Nilipofumbua, mzee alikuwa ameweka paji la uso kwenye nguzo ile ile, anatabasamu.

Mke wake ndiye aliyetueleza. Mzee Liang alipiga ngoma ya simba maisha yake yote. Ile ya watu wanaocheza ndani ya vazi la simba siku za sherehe, mnaijua: ngoma kubwa inayosikika mtaa wa pili. Ngoma hiyo hiyo ndiyo iliyomla masikio, pole pole. Kwenye onyesho lake la mwisho alipoteza mapigo mbele za watu, simba akasimama uwanjani hajui aende wapi, na watu wakacheka. Alirudi nyumbani akaisukuma ngoma chini ya kitanda. Hata kuongea akapunguza.

"Mpaka nyinyi mlipohamia juu," mama akasema. "Jumapili hali chakula mpaka mmalize."

Na kule kugonga? Hakuwa anatukemea. Kila nilipochelewa, alikuwa ananigongea pale nilipotakiwa kuingia!

Wakuu, nimefanya biashara na watu wa kila aina, nimeambiwa "bu xing", haiwezekani, mpaka nimezoea. Lakini siku ile nilipanda ngazi nikiwa mdogo kama kidonge cha piriton.

Jumapili iliyofuata akaja juu mwenyewe. Akavua viatu, akakaa sakafuni karibu na spika yangu. Nikichelewa ananipiga kofi dogo la mguuni. Nikipatia hafanyi kitu. Ndani ya wiki tano nilibadilika, hata Papa Dido aliacha kunitazama kwa huruma. Msimamizi alipoelezwa habari za ufagio alicheka mpaka akakohoa, na ndiye aliyetuletea habari: mtaa unaandaa sherehe ya wazee, Jumamosi mchana, uani mwa jengo la jirani, na wanataka tupige. Mwenye jengo letu angekuwepo pia. Huyo ndiye alikuwa hatupendi kabisa, na msimamizi alisema wazi kwamba baada ya siku hiyo mwenye jengo ataamua kama tubaki au tuondoke.

Tukakubali.

Siku nne baadaye Kevo akapangiwa na chuo mafunzo ya kazi mji mwingine. Hakuwa na namna.

Bendi bila dramu, wakuu, mnajua wenyewe.

Rehema akasema, "Mzee Liang."

Papa Dido akamtazama. "Dada yangu, mtu asiyesikia atatufuataje?"

"Mbona anamfuata kaka Sanga kila Jumapili?"

Tukashuka. Rehema akaandika. Mzee aliposoma, akakunja uso. Akarudisha daftari. Mke wake akatusindikiza mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Msimuulize tena. Kile kicheko cha watu bado anakiota."

Tulijilaumu. Tulishaanza kupanga tupige bila ngoma.

Alhamisi nikiwa Xintang nakagua mzigo, Rehema akanitumia picha. Ngoma kubwa nyekundu, imejaa vumbi, ipo katikati ya chumba chetu. Mzee Liang ameibeba mwenyewe mpaka ghorofa ya nne.

Laoban, bosi wa kiwanda, alikuwa anataka tupakie Jumamosi. Nikamng'ang'ania mpaka akakubali Ijumaa.

Jumamosi ilifika. Steji ya mbao, viti vya plastiki, wazee wengi na wajukuu zao, mwenye jengo mstari wa mbele amekunja mikono. Tuliilaza spika ya besi ikitazama mbao, karibu kabisa na miguu ya Mzee Liang. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Peku. Mke wake alikuwa amesimama pembeni, hakutaka kukaa.

Wimbo wa kwanza tukaanza taratibu. Alinitazama mimi tu. Nikashuka na besi, naye akaingia.

Mungu wangu.

Rumba ya Papa Dido, juu yake ngoma ya simba. Sijawahi kusikia kitu kama kile, na sidhani kama kuna mtu pale aliyewahi kukisikia. Wazee wakaanza kunyooka kwenye viti. Wimbo wa pili watu wakasimama.

Wa tatu ulikuwa wa Rehema mwenyewe, kuhusu mama yake wa Tanga anayempigia simu na kuuliza kama huko kumeshakucha. Tupo katikati, umeme ukakatika.

Kila kitu kikafa. Maikrofoni, gitaa, besi yangu. Nikapiga noti, ikatoka kama mtu anakuna meza.

Ngoma iliendelea mapigo mawili, matatu.

Kisha nikamwona Mzee Liang akitazama miguu yake.

Mbao zilikuwa zimenyamaza. Kwake yeye dunia nzima ilikuwa imezimika. Vijiti vikasimama hewani. Akainua macho kuwatazama watu, na nikajua anaona nini: anaona ile siku ya simba. Mtu mmoja nyuma alicheka, pengine kwa jambo lake tu, lakini mzee aliuona mdomo.

Sikuwaza. Niliweka besi chini, nikaanza kukanyaga.

Nilikuwa na buti za kazi. Nilikanyaga zile mbao kwa nguvu zangu zote, noti kwa noti, laini yangu ya besi, karibu na miguu yake. Du, du-du, du. Du, du-du, du.

Nikaona inamfikia. Ilianzia kwenye vidole vya miguu, ikapanda magotini, ikafika usoni. Akapiga ngoma pigo moja la kujaribu. Nikakanyaga. Akapiga la pili.

Halafu akaachia.

Papa Dido akaweka gitaa chini, naye akaanza kukanyaga. Rehema akaimba bila maikrofoni, Kiswahili kitupu, sauti ikagonga kuta za ua na kurudi. Yule mama aliyekataa kukaa akapanda steji kwa viatu vyake vya kitambaa, akakanyaga pamoja nasi. Wazee wakafuata pale chini, kila mmoja na mguu wake. Ua mzima ukawa unatetemeka, na katikati yake mzee asiyesikia hata radi ndiye anayetuongoza sote!

Pale kwenye mgeuko, wakuu, sikuchelewa.

Umeme ulirudi na hakuna aliyejali. Tulipomaliza, Mzee Liang hakuinuka. Aliweka viganja vyote viwili juu ya mbao, akasubiri mpaka vishindo vya watu viishe. Vilichukua muda. Mimi nililia, sifichi, na Papa Dido akajifanya anafunga nyaya.

Mwenye jengo hakuja kutusemesha. Jumatatu msimamizi alituletea ufunguo wetu wenyewe wa chumba, akasema tu, "Jumapili msianze kabla ya saa nane, mama wa ghorofa ya pili analala."

Kevo karudi. Alipomsikia mzee akipiga, akasema, "Huyu buda ni noma. Mimi nipeni shekere." Sasa anapiga shekere, kile kibuyu chenye shanga, na hajawahi kulalamika.

Yule mama alimwambia Rehema kitu ambacho sitakisahau. Alisema baada ya sherehe, mume wake aliongea mezani mpaka chakula kikapoa, na yeye hakumkatisha hata mara moja.

Nilichojifunza mimi: nilikuwa na masikio mawili mazima na kiburi kilichoyaziba. Miezi mitatu nilibishana na watu wanaonipenda kuhusu kosa langu, na nilipogongewa kutoka chini nikaona adui. Siku hizi mtu akinikosoa nauliza kwanza kosa ameliona wapi, ndipo nijitetee. Si rahisi. Mke wangu Makambako atawaambia bado najifunza.

Na kwa wale mlio ugenini: shukeni ghorofa ya chini. Bebeni hata machungwa. Mimi ningehama jengo lile bila kumjua Mzee Liang, na ningekuwa bado nachelewa.

Sasa nipisheni niwasome na nyinyi. Nani aliwahi kukugongea mlango ukadhani amekuja kwa shari, kumbe amekuja kukunyoosha? Na wapiga besi mliomo humu, semeni ukweli: huwa mnamsingizia nani?