Gombesa Aliyenyonywa kwa Waya

Miaka ile visiwa vyetu vilipokuwa mikononi mwa askari wa kukodiwa, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba wazungu hao, huko kambini kwao, walikuwa wanamnyonya gombesa kutoka kwenye kompyuta yetu kupitia waya wa umeme. Dereva wa ofisi ndiye aliyenieleza, na hoja yake ilisimama imara: mji mkuu wote wa Moroni ukizimika, kambini taa zinawaka. Sasa umeme wetu unakwenda wapi? Na mafuta ya gombesa, kila mtu anajua, yanamzuia mtu asife. Watu walioshika ikulu, barabara na hata usingizi wetu, watashindwa na samaki?

Gombesa, kwa asiyemjua, ni samaki mzee kuliko milima. Wavuvi wa kwetu Nzuwani walimnasa kwa bahati mbaya wakamlaani, maana nyama yake ni mafuta matupu, na anayeila hulala chooni. Kisha wataalamu wakaja kutoka ng'ambo, wakamwona wakalia kwa furaha, na samaki wa balaa akawa mheshimiwa. Ofisi yetu ikapewa kompyuta ili tuandike historia ya wanyama wa visiwa: kwanza gombesa, halafu popo weusi wa misitu ya Nzuwani, wenye mabawa kama miavuli. Nikachaguliwa mimi, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha shule ya usiku na vidole vyote kumi.

Sikuwahi kufika kwenye popo. Kila siku nilivua viatu mlangoni, nikamchapa gombesa kuanzia taya hadi mkia, macho yakiniwaka kwa zile herufi za kijani. Kesho yake nikiwasha, hayupo. Nilimwandika mara elfu; hata nikifa leo, vidole vitamwandika vyenyewe. Nilichoka mpaka mlio wa feni ukawa mzigo.

Mashine zile nina maneno nazo hadi leo. Kitufe cha kufuta wamekiweka jirani na cha kuendelea, kama mtu anayeweka sumu ya panya kando ya sukari. Na maswali! Kila hatua swali, kama askari wa kizuizi: unatoka wapi, unakwenda wapi, una hakika?

Mkuu wangu alichoka kuliko mimi. "Ijumaa nikute samaki ndani ya mashine," akasema. "Nisipomkuta, rudi kisiwani kwenu, Mutsamudu." Kwetu maana yake duka la vitambaa la mjomba wangu, yuleyule aliyebisha hodi milangoni mwa watu mpaka nikapata kazi ile. Ningemtazamaje?

Sikulazimika kurudi ili nimtazame. Habari zilimfikia, na Alhamisi akaja mwenyewe. Akavua viatu, akakaa nyuma yangu na tasbihi yake, akanitazama nikichapa mpaka alasiri. Nilipotaka kufunga, maneno ya Kifaransa yakatokea chini ya kioo.

"Imesema nini?" akauliza.

"Inauliza, una hakika unataka kuyahifadhi haya?"

"Nawe?"

"Najibu hapana, kama siku zote."

Tasbihi ikasimama. "Kama siku zote? Kwa nini, we msomi wa usiku?"

"Mjomba, nani ana hakika na jambo lolote? Hakika ni ya Mungu. Mimi nijigambe mbele ya mashine?"

"Lahaula! Na mteja akikuuliza kama kitambaa ni mita tatu, utamjibu Mungu ndiye ajuaye?"

Kidole changu kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe. Mjomba akanishika mkono, akaubana.

"Lakini wale wa kambini," nikasema, "ule waya..."

Akanitazama kwa uchovu wa mtu aliyevuka bahari kumfuata mjinga wake.

"Hakuna anayemwiba samaki wako, mwanangu. Mashine inakuuliza kama imhifadhi, nawe unaijibu hapana."